RAM yapanda bei: Memori tuli, memori dainamiki na mfuko wa mfanyabiashara wa Ilomba

MWENYE duka la steshenari Ilomba, jijini Mbeya, kwa kawaida hana haja ya kufuatilia yanayotokea Seoul. Shughuli zake ni fotokopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu na kumtolea mzee aliyekuja kulipia kiwanja namba yake ya malipo ya serikali. Hata hivyo, tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025, fundi akimwambia kuwa kompyuta yake imezidiwa na inahitaji kuongezewa RAM, jibu la swali "shilingi ngapi?" linaanzia Korea Kusini, siyo Kariakoo.

Katika soko la dunia, pakiti ya RAM ya gigabaiti 32 za aina ya DDR5, iliyokuwa ikiuzwa kiasi cha dola 100 za Marekani katikati ya mwaka 2025, ilikuwa imevuka dola 300 kufikia Desemba mwaka huo huo. Mwanzoni mwa 2026 bei za mikataba kati ya viwanda na wanunuzi wakubwa ziliendelea kupanda. Wenye kompyuta za zamani kidogo, zinazotumia DDR4, nao hawakusalimika: katikati ya 2025 kuna kipindi ambacho DDR4 ilikuwa ghali kuliko DDR5 iliyokuja kuirithi, kwa kuwa viwanda vilikwisha kutangaza kuwa vinaiacha na wanunuzi wakakimbilia kujaza stoo.

Cha ajabu ni kwamba kilichopanda ni ile memori ambayo sifa yake kubwa, tangu ibuniwe, ni urahisi wa bei. Ndani ya kompyuta hiyo hiyo kuna memori nyingine, ya haraka zaidi na ya gharama kubwa zaidi, ambayo hakuna mteja wa Ilomba anayeombwa ainunue peke yake. Ya kwanza huitwa memori dainamiki, au DRAM kama inavyoandikwa kwenye karatasi za viwandani. Ya pili ni memori tuli, SRAM. Asiyezitenganisha hizi mbili atapata taabu kuelewa kwa nini bei imeruka, na taabu zaidi kujua atumie wapi fedha yake kidogo aliyonayo.

Swichi na debe lenye tundu

Memori zote mbili zina kazi moja, nayo ni kushika alama za sifuri na moja ambazo kompyuta huzitumia kuandika kila kitu, kuanzia barua hadi picha ya pasipoti. Tofauti iko kwenye namna ya kuishika hiyo alama.

Memori tuli hutumia transista sita kwa kila alama moja. Nne kati ya hizo zimefungwa kwa namna ya kusukumana, kila upande ukiuzuia mwenzake usibadilike, na mbili zilizobaki ni milango ya kuingizia na kutolea habari. Ni kama swichi ya taa ukutani. Ukiibonyeza inabaki pale pale hadi mtu aje aibonyeze tena, mradi umeme upo. Haihitaji kukumbushwa.

Memori dainamiki hutumia transista moja tu na kapasita moja, yaani kijidude kidogo mno cha kutunzia chaji ya umeme. Kikiwa kimejaa ni moja, kikiwa kitupu ni sifuri. Tatizo lake ni kwamba kijidude hicho huvuja, mfano wa debe la maji lenye tundu dogo chini. Kabla maji hayajashuka kiasi cha mtu kushindwa kujua kama debe lilikuwa limejaa au la, lazima aje mtu alichungulie na kulijaza upya. Kwenye RAM za DDR3 na DDR4 zoezi hilo la kujaza memori yote hufanyika ndani ya kila milisekunde 64, yaani kama mara 15 kwa sekunde moja, mchana na usiku, hata kama mwenye kompyuta amekwenda kunywa chai. Joto la memori likivuka nyuzi 85 za Selsiasi, uvujaji huongezeka na kazi hiyo hubidi ifanywe mara mbili zaidi. Tena, kule kusoma tu kunamwaga maji: kila debe linalochunguliwa hutolewa chaji yake, kisha hurudishiwa.

Kwa maelezo hayo mtu angesema basi memori tuli ndiyo bora, na hiyo nyingine itupwe. Inajibu haraka, haina usumbufu wa kujazwa, na ikiwa imetulia bila kazi inaweza kuishi kwa umeme kidogo sana. Lakini biashara haiendeshwi na ubora peke yake. RAM ya gigabaiti nane ina nafasi za alama karibu bilioni 69. Kwa njia ya dainamiki zinahitajika transista bilioni 69 hivi na kapasita zake. Kwa njia ya memori tuli zingehitajika zaidi ya bilioni 410. Silikoni huuzwa kwa eneo kama kiwanja, na anayejenga nyumba ya vyumba sita pale ambapo jirani amejenga chumba kimoja hawezi kupangisha kwa bei ya jirani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomvutia Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, ambaye mwaka 1966 alipata wazo la kuhifadhi alama kwa transista moja na chaji inayovuja. Hataza yake ilitolewa Juni 1968. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilileta sokoni chipu iliyoitwa 1103, yenye alama 1,024 tu, na kuanzia hapo memori za zamani za vipete vya sumaku zikaanza kufa. Dennard alifariki dunia Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 91, mwaka mmoja na nusu tu kabla uvumbuzi wake haujawa bidhaa ya kugombewa.

Shelfu, stoo na ghala

Muuza duka yeyote wa soko la Ilomba anaelewa kompyuta inavyopanga memori zake kuliko anavyodhani. Sabuni, viberiti na chumvi, vinavyoulizwa kila dakika, viko kwenye shelfu nyuma ya mkono wake. Katoni ziko stoo, mlango wa pili. Mzigo mkubwa uko ghalani. Shelfu ni dogo na ndilo lenye thamani kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya duka, ndiyo maana haliwekwi mifuko ya saruji.

Memori tuli ndiyo shelfu. Imejengwa ndani ya prosesa yenyewe na mafundi huiita kache. Ile iliyo karibu kabisa huwa na makumi ya kilobaiti tu, na ya mbali kidogo hufikia megabaiti kadhaa. Hujibu ndani ya nanosekunde moja hivi au chache. RAM, yaani memori dainamiki, ni stoo: gigabaiti nne, nane au 16, na jibu lake huchukua makumi ya nanosekunde. Diski ni ghala, kubwa na la taratibu, lakini halipotezi mzigo umeme ukikatika.

Hapa panahitaji angalizo, maana madukani maneno yamechanganywa vibaya. Simu inayotangazwa kuwa ina "RAM 4, memori 64" haina memori za aina moja mbili. Ile nne ni dainamiki, na ile 64 ni ghala, aina ya tatu kabisa ambayo si tuli wala si dainamiki. Kuna simu pia zinazouzwa kwa maandishi ya "4+4" au hata "RAM 8" kwenye boksi, wakati nne za mwisho zimekatwa kutoka kwenye ghala na kupewa kazi ya stoo. Si utapeli moja kwa moja, kwani inasaidia kidogo programu zisijifunge, lakini hakuna mwenye duka atakayekubali kuambiwa kuwa chumba alichokodi kilomita mbili kutoka dukani ni sawa na stoo ya mlango wa pili. Mnunuzi aulize RAM halisi ni ngapi.

Umeme unapokatika

Memori tuli na dainamiki zote husahau umeme ukikatika. Barua iliyokuwa ikichapwa bila kuhifadhiwa imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha kutoka kwenye RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani walionyesha kuwa alama za memori dainamiki hubaki kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kukatwa, na kwa dakika kadhaa zikipoozwa sana, lakini hilo ni jambo la kumtia hofu anayetunza siri kuliko kumfariji aliyepoteza barua. Baridi ya Mbeya ya mwezi Juni haitoshi.

Kuna mahali pamoja ambapo tofauti ya memori hizi mbili inaonekana kwa macho, na inawagharimu watu fedha bila sababu. Kwenye ubao mama wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, yenye maandishi CR2032 na nguvu ya volti tatu. Kwa miaka mingi betri hiyo ilikuwa ikilisha kipande kidogo cha memori tuli kinachotunza mpangilio wa kompyuta, pamoja na saa. Memori dainamiki isingeweza kupewa kazi hiyo, kwani kule kujazwa kila wakati kungeimaliza betri mapema mno. Memori tuli iliyotulia hula umeme kidogo kiasi kwamba betri hiyo hudumu miaka. Katika kompyuta za karibuni mpangilio huo umehamishiwa kwenye memori isiyohitaji umeme, na betri imebaki zaidi kwa ajili ya saa.

Betri hiyo ikifa, dalili zake zinapotosha. Kompyuta inawaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Kwa kuwa tarehe imekosewa, tovuti za benki, za kodi na za maombi ya ajira zinakataa kufunguka kwa madai kwamba cheti cha usalama si halali. Ankara zinatoka na mwaka usiokuwapo kwenye daftari. Mwenye duka anadhani intaneti ni mbovu, au virusi vimeingia, au kompyuta imezeeka, na akikutana na fundi asiye mwaminifu anauziwa ubao mama au RAM ambayo hakuihitaji. Kumbe dawa ni betri ya sarafu. Kwa mashine za mtumba zinazofika zikiwa na umri wa miaka saba au minane, hili ndilo la kukagua kwanza kabla ya kufungua pochi.

Soko lenye tabia ya mahindi

Kwa nini basi memori ya bei nafuu imepanda? Jibu limo katika namna inavyouzwa. Memori tuli haiendi sokoni peke yake kwa wingi, kwani imemezwa ndani ya bei ya prosesa. Memori dainamiki ni mazao. Chipu ya kiwanda kimoja inafanana na ya kingine, hupimwa kwa gigabaiti kama mahindi yanavyopimwa kwa gunia, na bei yake hupanda na kushuka kwa kufuata nani amelima kiasi gani.

Wakulima wa Mbeya na Songwe wanaufahamu mzunguko huo. Mwaka wa bei nzuri kila mtu analima, mwaka unaofuata bei inaanguka, watu wanaacha, kisha upungufu unarudi. Mara nyingine mkono wa serikali huingia kati, kama ilivyokuwa Juni 2017 mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi na mkulima akabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Kwenye memori ni vivyo hivyo, isipokuwa shamba moja hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kuanza kuvunwa.

Mwaka 2023 lilikuwa anguko. Watu walikuwa wamekwisha kununua kompyuta wakati wa UVIKO-19, stoo zilijaa na bei ikaporomoka. Kampuni ya Micron ya Marekani ilipata hasara ya dola bilioni 5.8 katika mwaka wake wa fedha ulioishia mwaka huo, SK Hynix ya Korea Kusini nayo ikaangukia kwenye hasara, na Samsung ikatangaza Aprili 2023 kuwa inapunguza uzalishaji. Waliopunguza kulima walikuwa bado hawajapona pale mnunuzi mpya alipobisha hodi.

Mnunuzi huyo ni akili bandia. Mashine zinazoendesha programu hizo hutumia aina ya memori dainamiki iliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa na kubandikwa jirani na prosesa. Kwa mujibu wa maelezo ya Micron yenyewe, kutengeneza kiasi kile kile cha memori kwa njia hiyo ya ghorofa hula takriban mara tatu ya sahani za silikoni zinazotumika kwa RAM ya kawaida. Kila ghorofa linalouzwa kwa mtambo wa akili bandia linaondoa sokoni RAM nyingi zaidi za kompyuta ndogo. Faida ya ghorofa ni kubwa, hivyo viwanda vimehamishia huko mashine na wahandisi.

Tarehe 1 Oktoba 2025, kampuni ya OpenAI ilitia saini hati za makubaliano ya awali na Samsung pamoja na SK Hynix, kwa lengo la kufikia hadi sahani 900,000 za memori kwa mwezi. Desemba mwaka huo, Micron ilitangaza kuachana na biashara ya kuuza RAM kwa mtu mmoja mmoja kupitia jina la Crucial, lililofahamika kwa karibu miaka 30. Mwezi huo huo Raspberry Pi ya Uingereza, inayotengeneza kompyuta ndogo za bei ya chini zinazopendwa na wanafunzi wa uhandisi, ilipandisha bei ya baadhi ya bidhaa zake. Ile ya gigabaiti 16 ilitoka dola 120 na kufika 145.

Samsung, SK Hynix na Micron kwa pamoja zinashika takriban asilimia 90 ya soko la memori dainamiki duniani. Hawakuwa watatu tangu mwanzo. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika 2009, Elpida ya Japani ikafuata 2012 na mwaka uliofuata ikachukuliwa na Micron. Historia ya soko hili haimpi mnunuzi usingizi mnono: kati ya 2004 na 2005 Infineon, Hynix na Samsung zilikiri mbele ya vyombo vya sheria vya Marekani kuwa zilipanga bei kwa siri miaka ya 1999 hadi 2002, na zikatozwa faini za dola milioni 160, milioni 185 na milioni 300. Safari hii sababu za kupanda zinaonekana wazi na wala hazihitaji njama. Lakini soko la wauzaji watatu ni soko la wauzaji watatu, na mnunuzi wa vipande viwili hana sauti ndani yake.

Je, memori tuli haiwezi kuokoa jahazi? Wapo wanaojaribu. Kampuni ya Cerebras ya Marekani ilitoa mwaka 2024 chipu kubwa kama sahani ya chakula, yenye gigabaiti 44 za memori tuli ndani yake. Groq nayo ilijenga chipu zisizotegemea RAM ya pembeni, kila moja ikiwa na megabaiti 230 za memori tuli, na Desemba 2025 Nvidia iliingia makubaliano ya kutumia teknolojia yake. Hizo ni mashine za wenye mabilioni. Isitoshe, memori tuli ina ugonjwa wake. Kiwanda cha TSMC cha Taiwan kilipohama kutoka kizazi cha nanomita tano kwenda tatu, transista za hesabu zilipungua ukubwa lakini chumba cha memori tuli, kwenye toleo lililotumika zaidi, kilibaki vile vile. Kiwanja kimepanda bei na nyumba imegoma kupungua.

Nani anaumia

Kupanda huku hakumgusi kila mtu kwa uzito mmoja. Mwenye steshenari anaumia kwa njia mbili, kwa sababu kupanda kwa RAM kumekutana na jambo jingine: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida za kuilinda Windows 10. Windows 11 inahitaji RAM ya gigabaiti nne kama kiwango cha chini kwenye karatasi, na kwa kazi halisi mashine ya nne hupumua kwa shida. Pia hukataa rasmi prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2017 na 2018. Kwa hiyo aliyekuwa na mpango wa kubadilisha mashine ameingia sokoni wakati mbaya kuliko wakati wowote katika miaka ya karibuni.

Kabla ya kununua RAM, inafaa kuangalia kama tatizo ni RAM kweli. Kompyuta ya mtumba yenye RAM ya nane na diski ya zamani inayozunguka mara nyingi hupata nafuu kubwa zaidi kwa kubadilishiwa diski kuwa ya SSD. Ghala likiwa bovu, kupanua stoo hakusaidii sana. Hata SSD zimeguswa na upepo huu, kwa kuwa viwanda vyake ni vya ukoo ule ule. Na kama ni RAM, DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye kompyuta ya mapajani. Nyingi za kompyuta nyembamba za mapajani za miaka hii zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na aliyenunua ya nne amenunua ya nne hadi mwisho wa maisha yake.

Anayeweza kuumia zaidi, na ambaye hazungumzwi, ni mzabuni mdogo. Tangu 2023 ununuzi wa serikali unapitia mfumo wa NeST, na vijana wengi wenye kampuni ndogo wameingia kuomba zabuni za kuuzia shule, halmashauri na vyuo kompyuta. Anayetaja bei ya kompyuta 20 leo, akapewa kazi baada ya miezi miwili na kutakiwa kupeleka mzigo kwa bei ile ile, anaweza kukuta faida yote imeliwa na vipande vya RAM. Muda wa uhalali wa bei, ambao wengi huujaza kama desturi tu, sasa ndio unaoamua kama atatoka na faida au na deni. Upande wa pili wa meza una kosa lake. Ofisi inayoandika kwenye mahitaji "RAM 16" kwa mashine ya kuandikia barua za likizo inalipa kodi ya wananchi kwa stoo isiyo na mzigo. Nane yenye nafasi moja wazi ya kuongezea baadaye ingetosha, na bei ikishuka nafasi hiyo itakuwapo.

Wanunuzi wa simu janja za bei ya chini wanafuatia. RAM ya simu ni memori dainamiki pia, na kwenye simu ya bei ndogo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama kuliko kwenye simu ya kifahari. Mwishoni mwa 2025 taasisi za utafiti wa soko zilizokuwa zikitabiri ukuaji wa mauzo ya simu mwaka 2026 ziligeuza kauli na kutabiri kushuka. Mtengenezaji ana njia mbili tu: kupandisha bei, au kuacha bei pale pale na kupunguza RAM. Njia ya pili haionekani kwenye bango la tangazo. Kwa wakala wa pembejeo anayetegemea simu yake katika mfumo wa kidijitali wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23, simu inayojifunga katikati ya foleni ya wakulima ni hasara ya siku.

Kwa upande wa shamba lenyewe habari ni nzuri kiasi. Mizani ya kidijitali ya kupimia kahawa, kidhibiti cha sola, kidhibiti cha joto kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, kifaa cha kupima unyevu wa nafaka, na vinginevyo vya aina hiyo, havina RAM ya kuchomeka. Vinaendeshwa na chipu ndogo yenye memori tuli ndani yake, nayo ni kidogo cha kuchekesha. Chipu maarufu ya ATmega328, inayotumiwa sana na wanafunzi na wabunifu wa vifaa vya namna hiyo, ina kilobaiti mbili tu. ESP32, yenye uwezo wa kuunganishwa na Wi-Fi, ina kilobaiti 520. Kupima uzito wa gunia na kuonyesha tarakimu tano hakuhitaji zaidi. Ombwe linaloundwa na akili bandia haliwafikii hawa moja kwa moja, na chama cha ushirika chenye bajeti finyu kinaweza kuendelea na mpango wake wa mizani mpya hata kama kompyuta ya karani italazimika kusubiri.

Isubiri mpaka lini ndilo swali gumu. Micron imesema kiwanda chake kipya cha Idaho kitaanza kutoa sahani za kwanza katikati ya 2027, na kutoka sahani ya kwanza hadi RAM dukani ni miezi mingine. Wakorea nao wanajenga, lakini sehemu ya kitakachotoka imekwisha kupangiwa mitambo ya akili bandia. Iwapo mahitaji ya akili bandia yatapoa ghafla, mzigo utamwagika sokoni na bei itaanguka kama ilivyofanya 2023. Anayeweka akiba ya RAM chini ya kaunta kwa matumaini ya kuuza ghali anacheza kamari ile ile ya anayeficha mahindi hadi Machi.

Mlango mwingine uko China. Kampuni ya CXMT, iliyoanzishwa mwaka 2016 katika mji wa Hefei, inatengeneza DDR4 na DDR5 na imekuwa ikipanua viwanda vyake kwa kasi. Wafanyabiashara wa Mbeya wanaofuata mzigo Kariakoo, au Guangzhou kwa wenye mitaji, huenda wakakutana zaidi na RAM zenye chipu za kampuni hiyo chini ya majina wasiyoyazoea. Jina geni si kosa, lakini RAM iliyong'olewa kwenye mashine kuukuu na kubandikwa karatasi mpya nayo huja na jina geni. Muuzaji akubali iwashwe mbele ya mteja, kompyuta isome gigabaiti zote na mwendo wake ulioandikwa, kisha programu ya kupima memori iachwe ikizunguka usiku kucha huku stakabadhi ikiwa mkononi.